Mbuzi Aliyemshonea Kiboko Koti

Juzi niliipata. Au niseme vizuri: nilidhani nimeipata. Nilikuwa nimeketi sakafuni katika fleti ya wazazi wangu hapa Doha, katikati ya maboksi, maana mkataba wa baba umekwisha na wanarudi Tanga moja kwa moja. Mimi nimekuja kwa viza ya kutembea. Nina shahada na sina kazi, kwa hiyo nimepewa kazi ya kufunga sahani kwa magazeti. Badala ya kufunga sahani nilikuwa kwenye kompyuta nikitafuta katuni. Nimeitafuta tangu nikiwa chuoni, rafiki yangu, wakati wenzangu wakisoma kwa ajili ya mitihani. Nilitaka baba aione kabla hajapanda ndege. Nilijiambia kwamba ni zawadi. Kisha nikajiuliza kama ni zawadi kwake au kwangu, nikaendelea kutafuta.

Zamani tulikuwa tukikusanya katuni, mimi na baba. Miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili tuliishi Najma, katika jengo la zamani ambalo ngazi zake zilinukia vitunguu vya kukaanga na sabuni ya unga. Baba alikuwa dereva wa ofisi. Jirani yetu lilikuwa soko la Haraj, ambako huishia vitu vya watu wanaoondoka nchini: makochi, majiko, vitanda vya watoto, baiskeli zisizo na kengele. Ikifika Juni, shule zikifungwa na familia zikirudi kwao, Haraj ilifurika. Wengine walikwenda kutafuta friji. Sisi tulifuata kanda za video. Muuzaji mmoja, mzee mwenye ndevu za hina, alikuwa akituwekea boksi kando, na akituona tu alipiga kelele: "Sadiki! Katuni! Kadimu, kadimu!" Yaani rafiki, katuni za kale. Alikwisha kumjua baba.

Baba hakutaka katuni mpya. Alitaka za enzi za utoto wake, zilizochorwa kwa mkono, rangi zake zimepauka kama kanga iliyofuliwa sana. Humo hakuna anayezungumza. Muziki ndio unaosema: mtu akipanda ngazi, filimbi inapanda naye, akianguka, ngoma inaanguka naye. Baba aliziona kwanza Tanga akiwa mtoto, gari la sinema lilipokuja uwanjani likatandaza shuka jeupe. "Hizi mtu amekaa kitako akachora kope moja moja," alikuwa akisema. "Za siku hizi zinachorwa na umeme."

Zile tulizozikosa Haraj tulizirekodi wenyewe. Kulikuwa na kituo kimoja cha runinga kilichozionyesha jioni, na hapo ndipo ilipoanza shida yangu yote. Katikati ya katuni, Magharibi ikiingia, kituo kilikatiza kipindi kwa adhana, kisha kikaendelea palepale kilipoishia. Lakini baba hakuendelea palepale. Kwake haikufaa adhana iingie kwenye kanda ambayo kesho ingeweza kufutwa ili kurekodi mpira. Kwa hiyo adhana ikianza tu, alisimamisha deki, tukatawadha, tukatandika miswala, tukaswali nyuma yake. Baba hakuwa mtu wa kuharakisha swala. Aliporudi kubonyeza tena kitufe, katuni ilikuwa inakaribia kwisha. Ndiyo maana karibu katuni zetu zote zilikuwa na mwanzo na mwisho, na katikati hamna kitu.

Nilikuwa mtoto wa kuhangaika, na bado niko hivyo. Wakati wa swala nilisikia kwa mbali runinga iliyopunguzwa sauti, filimbi zikipanda na kushuka, na nilijua nyuma yangu kuna jambo linatokea ambalo sitaliona maishani. Niliwahi kumwomba baba aache deki ijirekodi yenyewe. Akaniambia: "Mwanangu, kilicho chako hakikupiti." Na mimi nikawaza: sasa hicho kilichonipita kilikuwa cha nani?

Katuni niliyokuwa nikiitafuta ni ya mbuzi fundi cherehani. Inaanza kiboko anapoingia dukani kwa mbuzi na kipande cha kitambaa, anataka koti. Mbuzi anampima, anapanda ngazi kumpima shingo, anaishiwa na futi ya kupimia. Halafu kwetu picha inaruka. Mara kiboko yuleyule anatoka barabarani amevaa kitu kikubwa cha maua, anajishebedua, na mbuzi amelala juu ya cherehani. Katikati kulikuwa kumetokea nini? Baba ndiye aliyetuambia.

Ijumaa mchana alikuwa akija mlinzi mmoja Mkenya, rafiki wa baba, aliyekaa chumba cha watu wengi kule Sanaiya, eneo la viwanda, na aliyesema pilau ya mama ndiyo iliyomzuia asirudi kwao Kisii kwa miguu. Walikuja pia majirani wa chini, mume na mke kutoka Unguja, na bakuli lao la achari ya ndimu. Tukila na kushiba, mlinzi alianza: "Mzee, weka ile ya mbuzi." Picha ikifika kwenye pengo, baba alisimamisha deki, mistari ikitetemeka kwenye kioo, na kusimulia. Kitambaa hakikutosha. Mbuzi akatoka na mkasi wake, akaenda kwa majirani nyumba kwa nyumba. Na majirani walikuwa sisi.

"Akabisha kwa mlinzi," baba alisema, "akamkata mkono mmoja wa yunifomu."

"Mkono tena? Zii, mzee, supavaiza ataniua! Chukua pazia la mama."

"Pazia langu liache lilipo," mama alisema kutoka jikoni.

"Pazia lilishakatwa zamani," baba alisema. "Tazama hayo maua. Si ya kwako hayo?"

Na kweli, maua ya lile koti yalifanana na ya pazia letu. Bibi wa Unguja alitoa ushungi, mumewe alitoa kikoi huku akilalamika kwamba atabaki uchi. Kila Ijumaa kiboko alivishwa upya kwa vitu vya wale waliokuwepo.

Kisha tukaenda likizo nyumbani. Kabla ya kufunga mlango baba alizima swichi kubwa ya umeme, akarudi kuhakikisha, maana mwaka huo kiyoyozi cha jengo la nyuma kilishika moto chenyewe wenyeji wakiwa safarini. Alifanya alivyofanya kila baba mwenye akili katika mtaa ule. Kanda zilikuwa kwenye kabati la chuma chini ya dirisha la jua la alasiri, na kiangazi cha Doha unakijua, na kama hukijui siwezi kukueleza. Tuliporudi nyumba ilinuka plastiki. Kanda zilikuwa zimejikunja kama utando wa maziwa. Baba aliingiza moja, deki ikaitafuna. Akaingiza nyingine. Mama alisema, "Si tungewaachia wa chini watutunzie?" Baba akaingiza ya tatu.

Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Ningepata wa kumlaumu ningelala vizuri. Nimefikiria kila kitu: kabati lingekuwa chumbani, pazia lingekuwa zito zaidi, jengo la nyuma lisingeungua. Nimelilaumu hata jua, na hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Basi juzi nikaipata, nzima, safi, rangi zimesafishwa. Nikamwita baba. Akavaa miwani, akaketi juu ya boksi la sufuria. Mbuzi alipopanda ngazi, baba akacheka kabla filimbi haijaanza. Mimi nilisogea karibu na kompyuta, kwa sababu sasa tulikuwa tunaingia pale ambapo hatujawahi kufika.

Kiboko akajikwaa. Akapita dirishani, akatoka na pazia la duka mwilini. Akajitazama kwenye kioo, akafurahi, akaondoka. Mbuzi akalala. Basi.

"Wamekata," baba alisema.

"Hawajakata, baba. Hii ndiyo nzima."

"Nzima gani? Majirani wako wapi?"

"Majirani ulikuwa unawatia wewe."

"Mimi?" Akamgeukia mama. "Unamsikia mwanao? Eti mimi!"

"Si wewe?" mama alisema akikunja shuka. "Ulimkata yule mlinzi mikono mpaka akawa anakuja na fulana."

Baba akanitaka nirudishe nyuma. Nikarudisha. Kiboko akajikwaa tena. Baba akavua miwani. "Katafute ile yenyewe," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemrudisha mtoto dukani kwa sababu ameletewa chumvi badala ya sukari.

Nilikasirika. Miaka yote ile! Nikasema, haya, kama ni hivyo simulia, niirekodi kwa simu. Nikasimamisha picha pale mbuzi anapoishiwa na futi. Nikashika simu mbele ya mdomo wake.

"Kitambaa hakikutosha," baba alianza. "Mbuzi akachukua mkasi, akatoka, akaenda kwa…"

Mlinzi alirudi Kisii na hatuna namba yake. Wa chini waliondoka wakati jengo la Najma lilipovunjwa, kila mtu akatawanyika. Katika fleti hii wazazi wamekaa kwa muda ambao watu huku hukaa: wa kutosha kujua lifti ipi ni mbovu.

"Sasa nimtume kwa nani?" akaniuliza, akisubiri kweli nimjibu.

Nilitazama ukuta. Ng'ambo yake kulikuwa na mtu aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi, na kati yetu watatu hakuna aliyejua ni mwanamume au mwanamke.