Unga wa Mfungwa

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye mashine ya kusaga muhogo, hapa mtaani kwetu Bunia, mama mmoja alipofika mbio kutoka tribinali, kesi ilikokuwa ikihukumiwa, kiatu kimoja mkononi.

"Banamupa miaka makumi mbili!"

Wote tulijua ni nani aliyefungwa: yule mwanaume aliyemwumiza mtoto wa jirani yetu. Zamani angetoka baada ya miezi michache. Wamama walipiga vigelegele, wakakumbatiana, wakarushiana unga mpaka mimi nikageuka mzee mwenye mvi.

Mwenye mashine akazima mota. "Mucheze tu," akasema. "Lakini miaka makumi mbili, nani atamulisha? Ni siye!"

Vigelegele vikakatika. Serikali hailishi wafungwa wa hapa, na kila mmoja wetu amewahi kuwabebea maharagwe mpaka gerezani siku ya mchango wa kanisa.

Ndipo nyanya wa yule mtoto, ambaye wote tunamwita Koko, aliposimama. Alichota kikombe cha unga katika beseni yake, akakimimina ndani ya mfuko mtupu, akamkabidhi mwenye mashine.

"Anza na hii. Akule, ashibe, anenepe. Ila abakie kule mpaka mujukuu wangu azae watoto wake."

Kicheko kilipasuka! Wamama wakapanga mstari, kila mmoja na kikombe chake, wakicheza. Mwenye mashine naye akatia chake, macho chini.

Kodi huwa nalipa nikinung'unika. Hii ndiyo ya kwanza niliyoona watu wakiilipa kwa kucheza, nami nililipa mara mbili.