Moto wa Kuomba

Nyumba yangu ya Makanyagio, hapa mjini Mpanda, haina mfano mtaani, na hilo nalisema bila haya. Nimeijenga mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuhangaika Dar es Salaam, bila mjomba wa kunishika mkono, nikiwa na stashahada ya umeme niliyoisomea jioni baada ya kazi. Madirisha nimeyapanga yatazamane ili upepo upite. Bati nimelipaka rangi nyeupe. Oktoba, Mpanda nzima ikijipepea kwa vipande vya maboksi, sebuleni kwangu feni imezimwa. Majirani wananunua mkaa kila wakati; mimi nikinunua gunia, linakaa mpaka nasahau nililinunua lini.

Siri iko jikoni. Jiko langu nimelizungushia udongo wa kichuguu, lina mlango wa bati na tundu dogo la hewa. Sufuria ikishachemka, mke wangu huiingiza kwenye kapu kubwa lililojazwa pamba na vipande vya blanketi, chakula kikaivia humo bila moto. Mimi nafunga mlango wa jiko, makaa yanazimika, kesho yanawashwa tena. Sifanyi hivyo kwa ubahili. Nilipoondoka Mpanda nikiwa kijana, miti ilianza pale pale nyumba zilipoishia. Niliporudi, miti ilikwishakuwa mkaa: ukitoka mjini kwa basi, unasinzia na kuamka ndipo unauona mti wa mninga.

Katika nyumba hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mama yangu ahamie, azeekee mikononi mwangu. Tangu baba afariki alikuwa akiishi peke yake kijijini kwetu, Mpimbwe.

Alipofika alizunguka vyumba vyote, akagusa kuta, kisha akaketi jikoni.

“Baba, nyie mnapikia wapi?”

“Hapo hapo ulipokaa, mama.”

“Hapa? Mbona hapanuki?”

Nikacheka kwa raha. “Huo ndio ufundi wenyewe.”

Mke wangu alipika maharage, akayafunika kapuni. Mama hakuamini. Kila mara alifunua kapu, akachota punje moja, akaiminya kwa vidole, kama wafanyavyo wanawake wote wa kwetu wanaposimamia chungu. Jioni tulikula maharage yanayogonga meno.

“Maharage gani yanaiva yamelala?” alisema mama. “Nyie mmerogwa.”

“Mama, ni wewe uliyeyatoa joto,” mke wangu akamjibu.

“Mkamwanangu, mwanamke asiyeonja maharage yake anampikia nani? Adui?”

Tulicheka mpaka machozi. Nilidhani basi, amekwisha kuwa wa kwangu.

Baada ya kula nikaufunga mlango wa jiko kama kawaida. Mama akaushika mkono wangu.

“Unaua moto watu hawajaja?”

“Watu gani, mama?”

“Wa kuomba.”

Nilikuwa nimesahau. Kwetu kijijini jua likizama wanawake wanapita na vigae vya vyungu, kuomba kaa la moto la kuwashia jiko. Viberiti vimejaa dukani, hakuna asiyekuwa navyo. Lakini anayekuja kuomba moto hukaa kwanza, na akikaa husema: nani amejifungua, ng'ombe wa Wasukuma wameingia kwenye mpunga wa nani, nani hasemi na nani. Utotoni nilikuwa nikilala kwenye mkeka karibu na mafiga, moshi ukiniwasha macho, na sauti zile zikinibembeleza. Dar es Salaam, kwenye chumba cha kupanga, nilikosa usingizi mwaka mzima wa kwanza nikidhani ni joto.

Makanyagio hakuja mtu. Kila jirani na geti lake. Mama aliketi kila jioni ameuelekea mlango, khanga mabegani, mikono mapajani. Nikamwahidi televisheni ya chumbani kwake.

“Inaomba moto?” akauliza.

Nikainuka kukagua kapu, mimi mwenye majibu ya kila kitu.

“Nyumba yako nzuri, baba,” akasema baadaye, kwa upole. “Hata marehemu angeisifu. Ila humu jua likizama hakuna anayejua kama nipo.”

Mvua zilipokaribia akasema mbegu za mpunga hazijisii zenyewe. Nikamrudisha Mpimbwe. Njiani nilikuwa na mpango mwingine: kama mama hahami, ufundi utahama. Nikasema nitamjengea jiko la kuni la kubana moto, lenye bomba la kutoa moshi, apunguze kukohoa na kubeba kuni.

“Jenga,” alisema. “Lakini liache na mdomo mpana, kigae kiingie. Usinijengee jiko la mchoyo.”

Fundi yeyote atakuambia mdomo mpana unapoteza joto. Nilimweleza. Akaniletea kigae nipimie. Nikaliacha na mdomo mpana. Hata hivyo mzigo wake mmoja wa kuni sasa unafanya kazi ya miwili, na wanawake wa kijiji wananiulizia nitakuja lini niwajengee. Jioni ile ya kwanza walikuja, wakachota moto, wakakaa. Mmoja akaniambia nimenenepa kama mfanyabiashara wa huko mjini, Majengo. Sikutaka kuondoka. Asubuhi nikapanda basi, kwa sababu kazi ni kazi.

Sasa nampigia simu jioni. Kwangu kumepoa, mke anasoma, taa zinazokula umeme kidogo zinawaka, na kwa kweli hakuna nyumba tulivu kama hii. Namuuliza mama kama amekula, kama anakohoa. Tukianza tu kuongea nasikia hodi upande wake.

“Ngoja, baba, wamekuja.”

Anaiweka simu chini bila kuikata. Nasikia vigoda vikiburutwa. Mtu anasema padri hatafika Jumapili hii, mwingine anabisha, mama anacheka kicheko ambacho hakukicheka kwangu. Chakula changu kiko mezani. Mke wangu ananiita. Namwonyesha kwa mkono asubiri, naibana simu sikioni, nasikiliza mpaka vocha inakwisha.