Nenda Urudi

Michiyo Nagase alikuwa na miaka hamsini na tatu, na kazi yake ilikuwa kuchora katuni za shujaa aliyempenda mkewe. Shujaa huyo, Radi, aling'oa mizinga ya maadui kama mtu anayeng'oa figili shambani. Lakini hakuweza kuruka hata shibiri moja mpaka mkewe, Kaede, amsindikize mlangoni na kumwambia, "Nenda urudi." Michiyo hakuumiza kichwa kuyatunga hayo. Ndivyo alivyomwambia mumewe, Yasuhiko, kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita, kama ilivyo katika kila nyumba ya mtaa wao pale Yonago.

Yasuhiko alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Maneno matamu hakuwa nayo. Ungemwambia amtamkie mkewe kwamba anampenda, angepanda nguzo na kukaa huko huko mpaka uondoke.

Balaa lilikuwa wasomaji. Ndani ya kila toleo la gazeti la katuni lililochapisha kazi yake mliwekwa kadi, ili msomaji aandike hadithi tatu alizozipenda na kuiposti. Hadithi ya Radi ilikuwa ya kumi na saba kati ya kumi na nane. Mhariri wake, kijana Orihara, akaja kutoka Tokyo, akala andazi la maharage, akafuta mdomo, ndipo akatoa hukumu.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo wachoraji wanavyoitwa huko kwa heshima, "ndoa yenye raha haiuzi. Wagombane, au mmoja afe."

"Afe nani?"

"Radi. Anaondoka asubuhi, harudi. Mke kabaki mlangoni. Watu watalia, kadi zitamiminika."

"Na nisipomuua?"

"Basi toleo lijalo ndilo la mwisho." Orihara aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nisamehe, Mwalimu. Mimi nimetumwa tu."

Miaka kumi ya kazi, na sasa achague mwenyewe: aue mtu wake au aue hadithi yake. Alhamisi asubuhi Michiyo alikaa mezani kumuua Radi. Alichora mlango, akachora viatu, akachora mgongo wa mtu anayekwenda asirudi, na machozi yakimtoka kwelikweli. Hakumsikia Yasuhiko akifunga kamba za buti na kusema, "Nakwenda." Yasuhiko alirudia mara ya pili, akangoja, akaondoka.

Baada ya dakika ishirini mlango ukafunguliwa. Yasuhiko alisimama pale na kofia yake ya kazi, anahema.

"Umesahau nini?" Michiyo aliuliza.

"Mimi sijasahau kitu. Wewe ndiye uliyesahau."

"Nini tena, na kazi imenikaba hivi?"

"Hujaniambia nenda urudi. Nimefika darajani, nguzo ile pale, wenzangu wananingoja. Miguu imegoma."

"Mzee mzima! Hebu acha utoto."

"Sipandi hivi hivi."

Michiyo alicheka mpaka akashika mbavu. Akajifuta wino, akaenda mlangoni, akapiga magoti, akasema, "Nenda urudi." Yasuhiko akapanda baiskeli na kuondoka anapiga mluzi.

Aliporudi mezani, Michiyo alimtazama Radi pale karatasini akamwonea haya. Akairarua karatasi. Akachora upya: jitu la chuma limekamata mnara wa mji, Radi yuko angani, mara anageuza na kurudi nyumbani. "Kaede, hujaniambia!" Jitu limebaki na mnara mkononi halijui lifanye nini. Kaede anatoka na povu la sabuni mikononi, anasema neno lake, na Radi analimaliza lile jitu kwa ngumi moja.

Kurasa zilipomfikia Tokyo, Orihara alipiga simu akilia. "Mwalimu, hakufa!"

"Hakufa, na simuui. Kama ni la mwisho, basi liwe la mwisho."

Muda wa kubadilisha ulikuwa umekwisha. Gazeti likatoka hivyo hivyo.

Wiki tatu baadaye simu ikalia tena. "Mwalimu, umekaa? Namba moja! Kuna mtu wa Akita ameandika kwamba alirudi nyumbani kutoka kituo cha treni, akachelewa kazini, na hajuti. Bosi anasema uchore mpaka mkono uchoke. Tena unatakiwa Tokyo, upongezwe mbele ya wachoraji wote."

Michiyo alipiga kelele za furaha mpaka jirani akachungulia.

Asubuhi ya safari alivaa viatu vipya, akasimama mlangoni. Yasuhiko alikuwa na likizo, anasoma gazeti.

"Nakwenda," Michiyo alisema.

"Haya." Yasuhiko akafunua ukurasa.

Michiyo akavua kiatu kimoja.

"Unafanya nini? Treni itakuacha!"

"Miguu imegoma."

Ndipo Yasuhiko alipoelewa. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akisindikizwa. Masikio yalimwiva kwa haya. Akakunja gazeti, akaja kupiga magoti pale pale mkewe alipopigia magoti kila siku, na kwa sauti ile aliyozoea kuitia wenzake kutoka juu ya nguzo akasema, "Nenda urudi!" Jirani aliyekuwa akifagia akaangusha ufagio. Kisha, polepole, "Nyumba hii bila wewe siiwezi."

Michiyo akavaa kiatu chake, akaenda kupanda treni huku akicheka na kulia.