Bibi Harusi na Kisogo cha Zimwi

Harufu ya makaa yaliyozimwa kwa maji hunirudisha Kangemi, miaka ya hamsini, kwenye safu ya vyumba vya udongo ambako baba, mtunza bustani huko Loresho, alipanga kimoja. Msimu mmoja wa baridi nyanya alikuja kutoka Maragoli, na kila jioni, maharagwe yakitokota, alitusimulia habari za mazimwi. Aliporudi kwao, watoto wa ploti, yaani wa safu ile ya vyumba, tukaanza kusimuliana wenyewe kwa zamu. Niliitamani zamu yangu kuliko chakula.

"Hadithi, hadithi," nikaanza.

"Hadithi njoo."

Lakini sikuweza kuvumilia kosa. Nikisahau hata rangi ya kibuyu, nilisema, "Hapana, ngojeni, nianze tena." Robai, binti wa jirani aliyekuwa mkubwa wetu, akacheka. "Hadithi ya Jeni ni gari bovu, kila saa inasukumwa. Akianza tena, msimjibu."

Nikaanza tena. Kimya. Kwetu hadithi isiyoitikiwa haiendelei. Msimuliaji huinuka akaenda zake. Walininyima jibu msimu mzima.

Nikaokota makaa. Kwenye ukuta wetu uliotazama bomba, mahali tulipopanga foleni na madebe, nikachora hadithi ambayo nyanya alinisimulia mimi peke yangu. Msichana anaolewa na kijana mzuri asiyejulikana kwao. Anamchana nywele. Kisogoni, chini ya nywele, kuna kinywa cha pili, nacho kinatabasamu. Kila jino nililifuta na kulichora upya hadi vidole vikachubuka. Hapo, kitana kikiwa bado mkononi mwa bibi harusi, nikaacha.

"Halafu?" watoto wakauliza.

"Muulizeni Robai."

Wakamsumbua hadi akaja mwenyewe. "Acha maringo, Jeni. Ilikuwaje?"

"Hadithi, hadithi."

"Hadithi njoo," akajibu kwa sauti ndogo, wote wakisikia.

Nikajitwika debe langu nikaondoka.

Sasa, miaka ishirini baadaye, nachora vitabu vya watoto katika chumba changu Ngara. Hakuna aliyenifundisha, na bado nararua karatasi kwa sababu ya ukucha mmoja niliouchora vibaya. Wiki iliyopita Robai alikuja akiwa amemshika mwanawe mkono. Alikipekua kitabu changu chote.

"Ile ya kisogo haimo?"

"Haimo."

"Basi niambie ilivyoisha. Nataka kumsimulia mtoto."

Nilimtazama yule mama mchovu, nikaitafuta huruma ambayo watu husema huja na ukubwa. Sikuipata. Nilimpa mtoto penseli mpya, nikamfungulia mama yake mlango.