Alama za Mama Emanueli

Mkutano wa kijiji ulipofika kwenye suala la kuchagua watu wa kuipima zahanati, hakuna aliyehangaika na kura. "Mama Emanueli!" watu wakapaza sauti, na makofi yakapigwa kabla mwenyewe, Boke, hajakubali. Alikuwa mwanamke wa kukwambia jambo usoni. Wauza ndizi wenzake wa soko la Nyamwaga walimjua hivyo, kwaya ilimjua hivyo, na mumewe Nyangwine, mtu mpole wa ng'ombe, alishazoea zamani.

Winfrida, dada wa shirika moja la mjini Tarime, ndiye aliyewaeleza kazi. Wataangalia huduma kwa macho yao, watatoa alama kuanzia moja hadi tano, kisha watakaa pamoja na wahudumu wayazungumze.

"Hata lugha ya nesi inapewa alama?" Boke akauliza.

"Tena hiyo ndiyo ya kwanza, mama."

Boke akatabasamu peke yake. Mwaka uliopita, mkamwana wake Felista aliposhikwa na uchungu, nesi Irine alimfungia Boke mlango. "Kaa nje, mama!" Basi, hakuna la zaidi. Boke akabaki nje na chupa ya uji mkononi kama mpita njia, mpaka aliposikia mjukuu wake analia. Tangu hapo hakumpa Irine salamu. Kwa hiyo alama ya nesi huyo alishaipanga: moja, na hiyo ni kwa huruma.

Akaanza kwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa asubuhi, khanga begani, macho wazi. Siku ya kwanza akafurahi, maana Irine alimfokea mama mmoja aliyesahau kadi ya kliniki hadi mtoto akaanza kulia. Boke akasema moyoni, nimekupata.

Lakini kadiri alivyokaa, aliona na mengine. Aliona mtoto akimtapikia Irine kifuani, naye akamfuta mtoto kwanza kabla ya kujifuta mwenyewe. Alimwona akitoka nje kumfuata mzee Werema aliyekuwa anaondoka na dawa, akamrudia maelezo ya kuzimeza, akarudia tena. Na mchana mkubwa alimwona akipitisha andazi moja kwa haraka, amesimama, huku mkono mwingine unampima mtu presha. Zahanati nzima ilikuwa na yeye na mganga mmoja tu.

"Unajua yule binti hali chakula?" Boke alimwambia mumewe jioni.

"Yupi? Adui yako?"

"Usinichekeshe. Nakwambia nilichokiona."

Siku ya kikao watu walijaa chini ya turubai. Winfrida akaanza kusoma alama za wananchi. Matibabu, tano. Usafi, nne. Lugha, mbili. Irine akainamisha uso. Winfrida akaomba mtu aeleze, na watu wote wakageuka kumtazama Boke.

Akasimama. "Nesi, mikono yako ni mizuri. Nimekaa pale nimeiona, na hiyo tano ya matibabu nimeipigania mimi. Mdomo wako ndio unatuumiza. Mtu anakuja na homa, anaondoka na homa na aibu. Na mimi ulinifungia mlango mkamwana wangu akijifungua, hukuniambia hata kwa nini."

Irine akainua uso. "Shikamoo, mama."

Boke hakuitegemea hiyo. "Marahaba."

"Siku ile mlikuwa na wazazi wawili mle ndani, na kitanda ni kimoja. Felista alikuwa kitandani, mwenzake amelala chini, hana hata shuka. Ningekuingiza wewe, ningemvua heshima yule. Lakini kweli, ilinipasa kukueleza."

"Ungenieleza! Mbona ningeenda zangu kwenye benchi nikaimba?"

"Ungeimba, mama, na wale watoto wangekataa kutoka!"

Turubai zima likaangua kicheko, na Boke mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akashika kiuno. Irine naye akacheka huku anafuta macho. Kisha akaomba neno: yeye kwao ni Bukoba, bibi wengi hapa hawamwelewi wala yeye hawaelewi, ndiyo maana anajikuta anapandisha sauti. Je, kuna wa kumfundisha kusalimia kwa Kikurya?

Akafundishwa palepale. Jaribio la kwanza lilitoka vibaya kiasi kwamba mzee Werema alidondosha fimbo kwa kucheka. La tatu likakubaliwa kwa vigelegele. Wananchi nao wakaahidi kujenga kibanda cha kusubiria, ili wanaosindikiza wazazi wasibaki juani, na kikajengwa kweli, bati na yote, kabla ya masika.

Alama zilitolewa tena mwishoni mwa mwaka. Wakati huo Irine alikuwa anawasalimia bibi hata sokoni, na Boke alishamzoesha kula, kwani kila akishusha ndizi Nyamwaga alipitisha za kuchoma zahanati. Winfrida akasoma: lugha, nne.

"Nne?" Irine akang'aka kwa mzaha. "Mama Emanueli, na ndizi zote nilizokula kwako?"

"Ndizi ni za tumbo lako, mwanangu," Boke akamjibu, kidole juu. "Hiyo ya tano bado ninaiangalia."

Akaenda kukaa karibu naye, wakabanana kwenye kiti kimoja, wakiendelea kubishana.