Mikono Iliyohesabiwa Barazani

Juzi nilikaa kwenye baraza la chifu huko Kinna. Afisa wa maendeleo alikuja kutoka mjini na bajeti iliyokwisha kupigwa chapa: fedha zote zingejenga nyumba ya wageni wa serikali. Pampu ya kisima, iliyoharibika tangu kiangazi kianze, haikuwamo.

"Sheria inataka wananchi washirikishwe," alisema. "Kwa hiyo nitahesabu mikono."

Kabla hajauliza swali lake, mzee mmoja akaomba dua ya mvua. Sote tukainua mikono, viganja juu. Tulipoitikia "Amin," afisa alikuwa ameshaandika kwamba wote wamekubali.

Mama mmoja muuza maziwa akasimama.

"Bwana afisa, umeandika nini?"

"Mmeinua mikono, mama. Nimehesabu."

"Hiyo mikono tulikuwa tunaomba Mungu. Kwani ni wewe unaleta mvua?"

Baraza zima likaangua kicheko. Chifu mwenyewe akajifunika uso kwa kofia.

Afisa akaanza upya. "Wanaotaka nyumba ya wageni?" Hakuna aliyenyanyua hata kidole, na wengine waliikalia mikono yao kabisa. "Wanaotaka pampu?" Mikono ikajaa hewani. Mama akainua yote miwili.

"Mmoja tu, mama!"

"Hii ingine ni ya ng'ombe yangu. Yeye hana mkono, lakini kiu iko."

Afisa akafuta, akaandika pampu. Sheria ya kutushirikisha ni nzuri, ndugu msomaji, ila naona haitembei mpaka mtu asimame aulize kilichoandikwa.