Waganga Watatu wa Mama Mkwe

Enzi za Mjerumani, mama mkwe wangu pale Mkuyuni aliuguzwa na waganga watatu, na sijaona watu wenye kiburi kama wale. Mchimba mizizi alimpa dawa ya kuharisha. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe, aya kwa zafarani sahanini za kuoshwa kwa maji, alinywe kabla hajala chochote. Msaidizi wa daktari wa bomani alimpa vidonge vya kwinini. Hakuna aliyemuuliza anatumia nini kingine. Masikio yakamvuma, miguu ikamlegea, akawa anatapika.

Nikawaita wote siku moja. Walikaa mkekani wakitazamana kama majogoo, na hakuna aliyekubali kutaja dawa yake mbele ya wenzake. Siri ya kazi, walisema. Kisha kila mmoja akanivuta pembeni: "Mwanangu, ongeza ile yangu."

Walipoondoka nilizifungia dawa zote sandukuni, nikawa nampa uji mwepesi tu. Siku ya nne mama alitoka hadi uani mwenyewe, akaomba ungo apepete mchele.

Waliposikia, walirudi wote watatu, kila mmoja akitaka ashukuriwe yeye. Niliwaamkia kwa adabu, nikamwekea kila mmoja bakuli la uji, nikawaambia wamsalimie mganga mwenzao.